KODI HAIIHALALISHI KAMARI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na wote wanaoufuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Yako maneno mawili yaliyoenea midomoni mwa vijana wetu, na husikika hata barazani mwa misikiti baada ya swala. La kwanza ni la wacheza kamari wa hapa kwetu Kenya: "Serikali imekwisha kukata kodi yake, kilichobaki ni changu." La pili ni la baadhi ya ndugu zetu wanaoishi Uingereza, na la wale wa hapa wanaowaiga kwa njia ya intaneti: "Faida hii haitozwi kodi, na kampuni ina leseni ya wasimamizi wa masoko ya fedha, basi hii si kamari bali ni uwekezaji."

Tazameni ajabu hii, ndugu Waislamu. Mmoja anadai mali yake ni safi kwa sababu imetozwa kodi, na wa pili anadai mali yake ni safi kwa sababu haikutozwa. Madai yao yanapingana, lakini kadhi wao ni mmoja: mtoza kodi. Wote wawili wameliacha swali la halali na haramu mlangoni mwa ofisi ya ushuru, kisha wakarudi nyumbani wametulia. Sisi tunasema kwamba ofisi hiyo haikupewa mamlaka hayo, na wala yenyewe haidai kuwa nayo. Tena tunasema zaidi: mwenye kuzichunguza sheria hizo za kodi kwa makini ataona kwamba zinatoa ushahidi dhidi ya kamari, wala haziitetei.

UINGEREZA: MSHINDI HALIPI

Tuanze na Uingereza, kwa kuwa huko ndiko lilikotoka dai la pili. Ni kweli kwamba mtu akishinda katika kamari nchini humo halipi kodi ya mapato kwa ushindi wake. Jambo hili lina historia. Mwaka 1925 ilifika mahakamani kesi ya mtu aliyekuwa akiishi kwa kubashiri mbio za farasi, hana kazi nyingine ya kumpatia riziki. Watoza kodi walitaka alipe kama anavyolipa mfanyabiashara. Jaji alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kuweka dau juu ya farasi si biashara hata kama mtu atalifanya kila siku, kwa kuwa hapana kinachozalishwa wala kinachouzwa. Ni tabia tu ya mtu. Akatofautisha kati ya huyo na mwenye kampuni ya kupokea madau, ambaye kweli anaendesha biashara, na faida yake hutozwa kodi.

Baada ya hapo serikali ya nchi hiyo ilijaribu njia kadhaa za kupata fungu lake. Mwaka 1926 Winston Churchill, akiwa waziri wa fedha, aliweka kodi juu ya madau; ikafutwa baada ya miaka michache. Sheria ya mwaka 1960 iliruhusu maduka ya kamari, nayo yakafunguliwa kuanzia Mei 1961. Mwaka 1966 kodi ya madau ikarudi. Kufikia mwisho wa karne, mteja dukani alikuwa akikatwa asilimia 9, ama kwenye dau lake ama kwenye malipo yake. Kisha kampuni zikaanza kuhamia ng'ambo, Gibraltar na kwingineko, ambako kodi ilikuwa ndogo. Oktoba 2001, chini ya waziri wa fedha Gordon Brown, makato hayo ya mteja yakaondolewa, na badala yake kampuni zikaanza kutozwa asilimia 15 ya kile kinachobaki mikononi mwao baada ya kuwalipa washindi.

Ama kodi ya faida ya mtaji, sheria ya mwaka 1992 inasema wazi katika kifungu chake cha 51 kwamba ushindi wa kamari hauhesabiwi kuwa faida ya kutozwa. Huo ndio msamaha ambao kampuni hujivunia katika matangazo yao.

KAMARI ILIYOVAA SUTI

Katika mlango huo ndipo ilipoingia kamari ya tofauti ya bei. Mwaka 1974 Stuart Wheeler alianzisha London kampuni ya kuwawezesha watu kuweka dau juu ya bei ya dhahabu, wakati ambapo sheria za fedha za kigeni zilimzuia Mwingereza wa kawaida kuinunua dhahabu yenyewe kwa urahisi. Zingatieni asili yake: watu hawakupata dhahabu, walipata nafasi ya kubashiri bei yake. Kisha mchezo ukaenea kwenye hisa, sarafu, mafuta na hata idadi ya mabao katika mpira.

Namna yake ni hii. Kampuni hutaja bei mbili za kipimo cha hisa za London, tuseme 8,000 kwa anayeuza na 8,002 kwa anayenunua. Kijana anasema kitapanda, na anaweka pauni 10 kwa kila nukta. Bei ya kuuzia ikifika 8,052, amepata nukta 50, yaani pauni 500. Ikishuka hadi 7,952, amepoteza pauni 500. Hakununua hata hisa moja. Hakumiliki kitu, hakukabidhiwa kitu, na hana cha kumuuzia mwingine. Thamani ya mchezo wake ni pauni 80,000 na ushei, lakini amana anayotakiwa kuweka ni asilimia 5 tu, kama pauni 4,000. Soko likishuka kwa asilimia 5 peke yake, amana yote imeteketea. Na akiuacha mchezo wazi usiku kucha, kwa kawaida hutozwa gharama inayohesabiwa kwa kiwango cha riba. Basi kamari na riba zimekutana katika karatasi moja.

Kumbe upo mkataba mwingine unaofanana na huu karibu katika kila jambo, uitwao mkataba wa tofauti ya bei. Bei ni ile ile, amana ni ile ile, hatari ni ile ile, na mara nyingi kampuni ni ile ile. Lakini faida ya mkataba huo hutozwa kodi ya faida ya mtaji, na ya kamari haitozwi. Tofauti iko wapi? Iko katika jina. Huu umeandikwa kuwa ni mkataba, na ule umeandikwa kuwa ni dau. Mtume (s.a.w.) alitutahadharisha juu ya watu wa umma wake watakaokunywa pombe na kuiita kwa jina jingine. Leo tunaona kamari ikibadilishwa jina kwa mujibu wa fomu ya kodi.

Hapa ndipo dai la kijana wetu linapovunjika lenyewe. Anasema, "Haitozwi kodi, basi si kamari." Nasi tunamjibu: ndugu yetu, haikutozwa kodi kwa sababu sheria hiyo hiyo imeihesabu kuwa ni kamari! Lau ingehesabiwa kuwa ni uwekezaji, ungelipa. Huwezi kuushika msamaha kwa mkono mmoja na kuikana sababu yake kwa mkono wa pili. Msamaha unaojivunia ndiyo hati ya mashtaka dhidi yako.

UKARIMU HUU UMETOKA WAPI?

Pengine mtu atauliza: serikali isiyomwachia mfanyakazi wala muuza duka, imekuwaje imwachie mcheza kamari? Jibu liko katika hesabu. Anayelipa kodi kwa faida hustahiki kupunguziwa kodi kwa hasara. Lau ushindi ungetozwa kama mapato, walioshindwa nao wangedai hasara zao zipunguzwe katika kodi ya mishahara na biashara zao. Na walioshindwa ndio wengi. Mwaka 2018 mamlaka ya Ulaya inayosimamia masoko ya hisa ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika mikataba ya tofauti ya bei hupoteza fedha. Tangu hapo kampuni, zikiwemo za kamari tunayoizungumzia, hulazimika kuandika katika matangazo yao ni wateja wangapi katika kila mia wanaopata hasara.

Basi ni biashara gani hii, ambayo muuzaji anaamriwa na sheria kuandika mlangoni kwamba wateja wake wengi wataondoka wakiwa masikini kuliko walivyoingia?

Kwa hivyo hazina haikumsamehe mshindi kwa huruma. Imechagua kuchukua mahali penye uhakika. Mshindi ni wa leo, na kesho huenda akawa mshindwa. Kampuni hushinda kila mwaka. Katika kamari ya tofauti ya bei ya masoko ya fedha, kampuni hutozwa asilimia 3 ya faida yake kwa jina la kodi ya kamari, mbali na kodi nyingine za kampuni. Na faida hiyo ni nini? Sehemu yake kubwa ni fedha za walioshindwa. Kodi hiyo imetolewa katika mfuko wa baba aliyepoteza kodi ya nyumba na mwanafunzi aliyepoteza karo, ikapitia kwa kampuni, ikaingia hazina. Kusema kwamba kamari ya Uingereza "haina kodi" ni kusema nusu ya maneno. Kodi ipo, ila anayeibeba ni mshindwa.

KENYA: SERIKALI YAKAA MEZANI

Sasa turudi nyumbani. Nchi yetu ilirithi kutoka kwa wakoloni fikra kwamba kamari ni jambo la kupewa leseni na kusimamiwa. Sheria ya mwaka 1966 ikajengwa juu ya fikra hiyo, na sheria mpya ya mwaka 2025 haikuiacha. Lakini katika kodi tulishika njia nyingine: hapa, mshindi naye amekatwa.

Hebu tufuatilie viwango. Sheria ya fedha ya mwaka 2017 iliweka kodi ya asilimia 35 juu ya mapato ya kampuni kuanzia Januari 2018. Kampuni zikapiga kelele na kutishia kuacha kudhamini timu za mpira; mwaka 2018 kiwango kikashushwa hadi 15. Ushindi wa mchezaji ukatozwa asilimia 20. Mwaka 2019 ukaletwa ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau. Mwaka 2020 ukafutwa. Mwaka 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5. Mwaka 2023 ukapanda hadi 12.5. Desemba 2024 ukafika 15. Kisha kuanzia Julai 2025, ushuru ukawa asilimia 5 ya fedha anazoingiza mchezaji katika akaunti yake ya kamari, na ile asilimia 20 ya ushindi ikaondolewa, mahali pake ikawekwa asilimia 5 ya fedha anazotoa.

Watu wa hesabu watasema haya ni mambo ya kawaida ya bajeti. Sisi tunayaona kwa jicho jingine. Kiwango kinachopanda na kushuka namna hii hakikupimwa kwa madhara ya kamari; madhara hayakupungua mwaka 2020 wala hayakuongezeka kwa ghafla mwaka 2021. Kilichopimwa ni kiasi gani kinaweza kukamuliwa bila ya ng'ombe kufa. Aprili 2025 bodi ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kwa hoja ya kuwalinda watoto na jamii. Haikutimia miezi mitatu, ushuru ukashushwa kutoka asilimia 15 hadi 5. Mkono mmoja ulifunga dirisha, na mwingine ukafungua mlango.

Tena utaratibu huu wa sasa una jambo la kutafakari. Kijana akiingiza shilingi 1,000 katika akaunti, hutozwa kabla hajaweka dau hata moja. Akitoa chochote kilichosalia, hutozwa tena, awe ameshinda au anaokoa mabaki ya fedha zake. Serikali imejiweka katika milango yote miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Anayekaa mezani na kuchukua fungu katika kila mchezo, yeyote awe mshindi, lugha ya Kiswahili inamwita mshirika.

Na isidhaniwe kwamba kamari yenye suti iko Uingereza tu. Tangu kanuni za mwaka 2017 za biashara ya sarafu kwa intaneti, wapo madalali wenye leseni hapa Nairobi, na vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Garissa wanakesha na simu wakibashiri sarafu kwa amana ndogo na mkopo mkubwa. Wengi hawajui tofauti ya kubadilisha sarafu mkono kwa mkono, ambayo sharia imeiruhusu, na kuweka dau juu ya bei ya sarafu usiyoimiliki.

"LAKINI KODI HII HUJENGA HOSPITALI"

Hii ndiyo hoja wanayoitegemea zaidi. Nayo si mpya. Wafasiri wa Qur'ani wametueleza namna maysir ilivyokuwa kwa Waarabu wa zama za ujahili. Walichinja ngamia, wakamgawa mafungu, wakapiga kura kwa mishale kumi: saba yenye mafungu na mitatu isiyo na kitu. Aliyetokewa na mshale mtupu alilipa gharama ya ngamia. Na walioshinda, desturi yao ilikuwa kuwapa masikini ile nyama, nao walijifaharisha kwa hilo na kumlaumu asiyeshiriki kuwa ni bahili.

Basi tujiulize: ni kamari gani ya leo iliyo karimu kuliko hiyo? Mshindi hakula, masikini ndiye aliyekula. Pamoja na hayo Mwenyezi Mungu (s.w.) aliiharamisha. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, ametufahamisha kwamba katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Hakukanusha manufaa, aliyapima, akayatolea hukumu. Kisha katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, akaamrisha tujiepushe nayo, na akabainisha kwamba Shetani huitumia kutia uadui na chuki baina yetu na kutuzuilia kumkumbuka Allah na kuswali. Anayetuletea leo hoja ya hospitali analeta manufaa ambayo Qur'ani imekwisha kuyapima zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Wengine, nao wana nia njema, husema: basi kodi na ipandishwe hadi kamari iwe ghali. Tazameni Uingereza tena. Novemba 2025 ilitangazwa kwamba kodi ya kampuni za michezo ya kasino ya intaneti itapanda kutoka asilimia 21 hadi 40 kuanzia Aprili 2026. Hatukatai kwamba kodi kubwa inaweza kupunguza kasi. Lakini kila inavyopanda, ndivyo hazina inavyozidi kuutegemea uovu huo, na mtu hakati tawi alilolikalia. Daktari anayelipwa kwa idadi ya wagonjwa hawezi kufurahi wakipona.

HUKUMU YA MALI ILIYO MKONONI

Ndugu Muislamu, ikiwa unayo mali ya namna hii, elewa mambo haya.

Kwanza, kodi uliyokatwa haikupunguza chochote katika uharamu wa kilichobaki. Mwizi akinyang'anywa nusu njiani, nusu iliyobaki haigeuki kuwa mali yake. Mwenyezi Mungu amekataza katika Suratun Nisaa, aya ya 29, tusiliane mali zetu kwa batili isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Na kamari si biashara, kama alivyotambua hata yule jaji wa mwaka 1925 asiyekuwa Muislamu.

Pili, usidhani utaisafisha kwa zaka. Zaka hutolewa katika mali unayoimiliki kwa halali, na Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Allah ni mwema na hakubali ila kilicho chema. Mwenye kutubia huiacha kamari, hujuta, huazimia kutorudi, na hujitoa katika mali hiyo. Mmiliki anayejulikana hurudishiwa chake. Kwa mali ambayo mwenyewe hajulikani, Imamu Ghazali na Imamu Nawawi wameeleza kwamba itumike katika maslahi ya Waislamu au wapewe mafakiri. Naye hatoi kwa kutaraji thawabu za sadaka, bali kwa kujivua dhima. Aende kwa mwanachuoni anayemwamini amweleze hali yake.

Tatu, asiyecheza naye asijione yu salama ikiwa anashirikiana. Kamati za misikiti, madrasa na timu za mitaa zisipokee jezi, vikombe wala fedha za kampuni hizi. Mwenye duka asikubali bango lao ukutani kwake. Hatuwezi kukemea juu ya mimbari kitu ambacho nembo yake imeandikwa kifuani mwa watoto wetu.

WITO WETU

Tunawaomba maimamu waifanye hutuba moja ya mwezi huu iwe juu ya kamari, na waitaje kwa majina yake ya leo, pamoja na ile ya tofauti ya bei, kwa sababu kijana anayesikia neno "maysir" peke yake haoni kwamba linaihusu simu iliyo mfukoni mwake. Tunawaomba wazazi wawaulize watoto wao wanafanya nini usiku, kwa upole kabla ya ukali. Tunawaomba wafanyabiashara wetu wafungue milango ya mudhaaraba na ushirika, ili kijana mwenye shilingi 5,000 apate mahali pa halali pa kuzipeleka. Kwani ukimwambia mtu aache haramu bila ya kumwonyesha halali, umemwachia nusu ya njia. Na wabunge Waislamu tunawakumbusha: kila mwaka mswada wa fedha unapofika mezani, msijadili kiwango tu. Ulizeni kwa nini serikali ina fungu katika machozi ya raia wake.

Siku ya Kiyama mja ataulizwa juu ya mali yake, aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Risiti ya kodi haitakuwa jibu la swali la kwanza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusiihitajie haramu yake, awaongoze vijana wetu, na awarudishe salama waliopotea. Amin.

Wabillahi tawfiiq.